Fuko Asiyejaa

Ukishuka kutoka mji wa Kisii kuelekea kusini-magharibi hadi Tabaka, jiwe utalisikia kabla hujaliona. Utasikia panga likipasua na msumeno ukikereza, na chini ya sauti hizo, kama manyunyu juu ya majani ya mgomba, msasa ukipita na kurudi ndani ya beseni la maji. Wanaume hulitoa jiwe timboni likiwa bado na unyevu wa ardhini, wakalikata na kulichonga lingali laini. Wanawake hulipokea, wakaketi kivulini na mabeseni yao, wakalisugua kwa msasa wa kukwaruza, kisha wa wastani, kisha ule laini kabisa, mpaka maji yakageuka meupe kama maziwa na kiboko wa jiwe aliyeingia na makovu ya kisu akatoka ana ngozi. Lipo jeupe, lipo la waridi, lipo jekundu. Mchongaji wa vilima vya huko, Elkana Ong'esa, ndiye aliyechonga Ndege wa Amani ambaye yuko kwenye makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Na watu wa huko wamekaa kwa kukaribiana: sensa ya 2019 iliikuta Kaunti ya Kisii na wakazi 1,266,860, zaidi ya 900 kwa kila kilomita ya mraba, hata mtu akikohoa usiku nyumbani kwake hupewa pole kutoka nyumba ya pili. Hekaya hii ni ya kilima kama hivyo, ila waliokaa juu yake hawakuwa watu.

Paukwa!

Pakawa.

Hapo kale, katika nchi iliyopakana na mto unaoteremka kwenda ziwa kuu, palikuwa na kilima cha jiwe jeupe, na wanyama waliokaa juu yake hawakuwa na mengi. Kigogota alikuwa fundi wa kuchonga, mdomo wake ukiingia jiweni kama kisu kwenye ndizi mbivu. Konokono, ambaye kwa umri wake wote walimwita Magokoro, yaani bibi, ndiye aliyelainisha: alipanda juu ya kazi ya Kigogota alfajiri, akapita na kurudi kwa tumbo lake la majimaji, na kufikia jua la utosi jiwe lilikuwa linang'aa. Kwale alilima wimbi. Kobe alibeba mizigo ya kila mtu bila kuuliza ndani mna nini. Sungura alishika hadithi. Nyenje hakuwa na kitu ila sauti, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba sauti si kitu. Na Fuko alichimba. Macho yake yalikuwa madogo kama mbegu za ufuta, hayaoni mbali zaidi ya masharubu yake, lakini pua yake ilikuwa na elimu: akinusa udongo alijua mzizi upi ni wa chakula na upi wa gugu, na jiwe zuri limelala kina gani. Lugha yetu imempa mnyama huyu na mkoba mkubwa jina moja, na zamani hizo jina hilo lilikuwa la kumsifu, kwa sababu alichokitoa chini ya ardhi alikigawa juu yake.

Walichokuwa nacho wote kwa pamoja ni zamu. Wagusii wa huko Kisii wana neno lake, risaga, nalo ni jambo jepesi kulieleza na gumu kulirudisha likishapotea: majirani wote huja shambani kwako siku moja, kila mmoja na jembe lake, wakalima mpaka ukingoni, ukawapa chakula na kinywaji, na siku nyingine wakaenda kwa mwingine, nawe umo. Haipimwi nani alilima hatua ngapi. Mwenye nguvu huchukua pana, mzee huchukua anapoweza, mjamzito huketi akaimba, na kibuyu kinachozunguka ni kimoja. Palizi ya wimbi ndiyo iliyoihitaji risaga kuliko kazi zote, maana gugu la wimbi hufanana nalo kama pacha, na mmoja akiachwa nalo peke yake huinama mpaka mgongo ukasahau kunyooka. Kilimani zamu ilianza kwa Kobe, ikaenda kwa Kigogota, kwa Kwale, kwa Fuko, kwa Konokono, kisha ikarudi ilikoanzia, kama maji ya mvua yanavyorudi mawinguni.

Ndipo akaja Kunguru kutoka pwani, na mkoba wa kauri begani. Sitaki kumchafulia jina. Alileta chumvi, alileta chuma, na alipoliona bakuli la jiwe jeupe alilolichonga Kigogota na kulilainisha Konokono, alilishika kwa adabu ya mtu anayejua kazi. Akatoa kauri tano. Wanyama wakazipitisha mkono kwa mkono, wakazisikiliza masikioni, wakasikia mlio wa bahari wasiyoijua. Kunguru akasema atarudi, na kwamba jiwe lililo chini zaidi, lile lisilo na ufa, atalilipia mara mbili. Wote walisikia maneno hayo, lakini Fuko aliyasikia kwa tumbo lake.

Siku ya risaga ya Kwale ilipofika, Fuko hakuja. Alituma kauri tatu, na ujumbe kwamba yuko kazini, na kwamba kauri hizi ni sawa na yeye.

Kwale alizigeuzageuza kiganjani. "Zinalima?" akauliza Kobe, akitaka kujua kweli, maana hakuwahi kuziona zikifanya kazi. Hakuna aliyekuwa na jibu. Wakapalilia bila Fuko, na pale ambapo yeye angepita, ukingoni karibu na mgunga, pakabaki ukanda wa magugu. Mbili kati ya kauri zile Kwale alizitunza. Ya tatu Konokono akaiomba, akaivingirisha polepole hadi nyumbani, akaiweka chini ya jiwe lake la kusagia. Juma lililofuata lilikuwa zamu ya Fuko mwenyewe, naye akatuma neno: msisumbuke, nitaajiri. Basi zamu ikasimama pale, juu ya jina lake, na jina la Konokono likangoja nyuma yake. Hakuna aliyeshtuka. Chemchemi nayo haitangazi siku inayopungua.

Mambo yaliyofuata hayakuja kwa kishindo. Kobe, aliyeona kwamba kutokuwepo kwa Fuko kuna thamani ya kauri tatu, alijiuliza kuwepo kwake yeye kuna thamani gani, na swali hilo likishaingia kichwani halitoki. Akaanza kuuliza ndani ya mzigo mna nini. Kwale, aliyekuwa akimpa jirani wimbi kwa kiganja, akatafuta kibaba cha kupimia, kisha akatafuta cha pili kilicho kidogo kuliko cha kwanza. Paa alipougua, waliokwenda kumjulia hali walihesabu muda waliokaa. Hata kilio kikapata bei: kulia mbele ya maiti kauri mbili, kulia na kugaragara nne, na mwenye kauri chache alizikwa kwa kimya ambacho zamani hakikujulikana kilimani hata kwa kifaranga aliyenyakuliwa na mwewe. Wala hawakuwa wabaya, na nasema hivi kwa sababu nimewaona wengine wakiwahukumu. Mtu akishapimiwa huanza kupima. Na mwenye kupima kila kitu hufika siku akamtazama mwanawe akiwa na kibaba mkononi.

Fuko akatajirika. Alichimba chumba cha viazi, akachimba chumba cha kauri, akachimba chumba cha kuwekea hesabu ya vyumba viwili vya kwanza, na kila chumba kilizaa hofu iliyohitaji chumba chake. Viazi vilivyokaa sana gizani vilianza kuota na kuoza, naye, kwa kuwa hakutaka kupata hasara, alikula kwanza vilivyozeeka kuliko vyote. Alipovimaliza, vilivyokuwa vizima jana navyo vilikuwa vimeoza leo. Hivyo mwenye viazi vingi kuliko wote katika nchi ile hakuonja kiazi kizima masika hata kiangazi. Ningemwomba msomaji akae kidogo na jambo hili, kwa sababu Fuko hakukaa nalo. Aliona tu kwamba dawa ya viazi vilivyooza ni viazi vingi zaidi.

Kigogota alikuwa amemaliza misimu mitatu akichonga ndege wa jiwe jeupe, mabawa nusu wazi, kama anayeamua kati ya kutua na kuruka. Alinuia amsimamishe kileleni, ili yeyote atokaye mtoni na mtungi kichwani amwone kutoka mbali na ajue amebakiza hatua chache kufika. Konokono alikuwa amepita juu ya mabawa yale asubuhi zisizohesabika. Fuko akaleta kauri mia nne. Kigogota alikuwa na watoto, na wimbi sasa lilikuwa likiuzwa; akaikunja shingo yake chini ya bawa, akakubali. Ndege akateremshwa chumba cha saba, ambako mwanga haujawahi kufika, akakabidhiwa kwa mwenye macho ambayo yasingemwona hata juani. Usiku Fuko alimpapasa, akapima urefu wa bawa kwa ukucha wake, akauandika hesabuni.

Baada ya ndege alimnunua Nyenje, kwa kuwa alikumbuka kwamba utotoni alilala vizuri Nyenje akiimba. Akamweka chumba cha tano, akamjengea kitanda cha nyuzi za mahindi, akangoja. Nyenje alijaribu. Lakini yeye alizoea kuimba kwa sababu upande wa pili wa bonde kulikuwa na mwingine aliyejibu, na huko chini ukuta haukujibu. Siku ya nne akanyamaza kabisa. Fuko akamwajiri Sungura, akamlipa mbele, akaketi katikati ya mali yake asikilize hadithi. Sungura akakohoa, akasema, "Paukwa!" Kimya. Fuko alikuwa akingoja kile alichokilipia. Sungura akarudia, "Paukwa," safari hii kwa sauti ya mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa, na hadithi ikakataa kuanza, kwa kuwa nusu yake ya pili ilikuwa vinywani mwa wale walio juu ya kilima.

Usingizi ukamtoka Fuko. Akasikia kwamba Konokono hulala jua likizama na hashtuki mpaka umande, akatoka usiku, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu zamu isimame, akafuata ile njia ya ute inayong'aa mbalamwezini hadi mlangoni kwake.

"Hodi, Magokoro."

"Karibu, mjukuu wangu. Nyayo zako nimezijua. Siku nyingi."

"Nimekuja kununua usingizi wako. Taja bei."

"Nalala kwa kuwa nyumba yangu naibeba, na nikishaingia hakuna kitu changu kilichobaki nje cha kuniita. Kaa kwanza. Uji uko motoni."

"Nina haraka, Magokoro. Bei?"

Konokono hakujibu. Aliusukuma mdomo wa kibuyu cha uji mpaka ukagusa masharubu ya Fuko. Ulikuwa uji wa wimbi, umechachuka kidogo, ule ambao mama yake Fuko alikuwa akiupika siku za risaga. Pua yake iliutambua kabla hajaukubali. Akakaribia. Kisha akahesabu: nikinywa bila kulipa nitakuwa nadaiwa, nikidaiwa sijui nadaiwa nini, deni lisilo na kiasi ni deni lisilo na mwisho. Akarudi nyuma, akaaga, akaenda zake na kiu. Katika hekaya nzima hapa ndipo moyo wangu humwonea huruma kuliko mahali pengine pote. Ufukara anaujua kila aliyepita kilimani, nao una dawa zake. Lakini kuogopa kupewa ni ugonjwa ambao mgonjwa humfungia mganga mlango.

Mvua za masika zikaja, na mwaka ule zilikuja kama zinazolipiza. Kilima kilikuwa kimebaki ganda. Mashimo ambayo Fuko alitoa jiwe na kuyaacha wazi yalijaa maji, maji yakatafuta vyumba, vyumba vikalegea. Usiku wa manane ulisikika mguno mmoja mrefu, kama wa ng'ombe anayelala chini, na kulipokucha kilele kilikuwa kimebonyea kwa ndani. Chini, mbali sana, kulikuwa na kitu kinachogonga. Ngo. Ngo. Ngo.

Wanyama walikusanyika kando ya shimo wakiwa wamelowa. Hakuna aliyeondoka, na hakuna aliyechimba. Kwa muda mrefu walikuwa wamezoea kuuliza kwanza nani atalipa, na mlipaji ndiye aliyekuwa chini, na karibu kauri zote za nchi zilikuwa chini pamoja naye. Walisimama hivyo asubuhi nzima, si kwa ukatili. Mikono yao ilikuwa imesahau namna ya kuanza bila kuambiwa kiasi. Na kule chini, ngo, ngo.

Konokono alifika jua likiwa utosini, kwa kuwa alianza safari alfajiri. Alikuwa akisukuma kitu mbele yake topeni.

"Zamu ya nani?" akauliza.

Hakuna aliyekumbuka. Neno lenyewe lilikuwa limekauka vinywani mwao.

"Tulimlimia Kobe," akasema Konokono, taratibu, kama anavyofanya kila kitu. "Tukamlimia Kigogota. Tukamlimia Kwale. Zamu ikafika kwa Fuko ikasimama. Fuko hatujamlimia."

"Lakini alikataa mwenyewe, Magokoro," akasema Kwale. "Alisema ataajiri."

"Alikataa, ndiyo. Na zamu yake ilikwenda wapi?" Akakisukuma mbele kile alichokuja nacho. Ilikuwa kauri, moja, imechakaa kwa kukaa chini ya jiwe la kusagia. "Hii ndiyo aliyoituma ikae mahali pake. Nimemtunzia. Haikulima hata hatua moja."

Wakaitazama. Kobe ndiye aliyeshuka kwanza, kwa uzito wake wote, akaanza kusukuma tope kwa kifua. Kwale akafuata kwa makucha. Kigogota akashughulikia mawe, akiyapasua madogo madogo yaweze kubebeka. Paa, aliyekuwa bado na homa, alikaa ukingoni akaimba, na wimbo ule wa palizi ukawafanya wasogee kwa pamoja kabla hawajagundua kwamba wanasogea kwa pamoja.

Fuko aliwasikia. Sauti yake ikapanda kutoka gizani, nyembamba kama uzi. "Nani huyo? Nitalipa! Kauri mia!" Juu hakuna aliyejibu. Alisikia makucha yakikwaruza, krr, krr, kwa mwendo uleule. "Mia mbili!" Krr, krr. "Mia nane! Na chumba cha viazi!" Kila alipopandisha bei alitega sikio asikie kama makucha yataongeza kasi, na hayakuongeza, wala hayakupunguza. Akatoa vyumba vyote. Akatoa hesabu yenyewe. Mwisho hakuwa na kitu kingine cha kutaja, na katika kimya kile, pengine kwa mara ya kwanza tangu Kunguru aje, alisikia wimbo waliokuwa wakiuimba, akaujua. Meno yake yakaanza kuchimba kutoka upande wake, kuelekea ulikotoka.

Njiani walimpata Nyenje kwenye ufa, mzima, amejaa vumbi. Halafu ukucha wa Kwale ukagonga kitu kigumu: ndege, bawa moja limevunjika. Wakampandisha, wakamweka nyasini, wakaendelea. Jioni ya siku ya pili pua ikatokeza topeni, na nyuma yake Fuko, amekonda, mdomo umejaa udongo. Kigogota alikuwa ameketi kando ya ndege wake. Tangu auzwe hakuwa amemwona kwenye mwanga, na sasa jua la magharibi lilikuwa likipita juu ya bawa lililobaki. Fuko alitema udongo, akasema kama alivyozoea, "Nianze kumlipa nani?"

"Baada yako ni mimi," akasema Konokono. "Kesho alfajiri. Wimbi langu limezidiwa."

Usiku ule Fuko hakuwa na chumba; alilala chini ya mgomba wa Kobe, na kati yao wawili nani alilala zaidi sijui. Umande haujainuka alikuwa kwenye shamba la Konokono, amesimama ukingoni, mikono haina pa kukaa. Wenzake walikwisha kuinama, nao wenye macho walikuwa wakisitasita kama kawaida, wakishika shina, wakiachia, wakiulizana lipi wimbi, lipi gugu. Fuko aliweka pua yake ardhini. Akavuta pumzi. Akashika mzizi mmoja chini kwa chini, akaung'oa: gugu. Akasogea, akanusa, akaacha. Akasogea, akang'oa. Alikwenda hivyo kwa mstari mzima bila kugusa shina hata moja la wimbi, na Kwale, aliyekuwa mstari wa pili, akaacha kazi kidogo amtazame. Nyenje alikuwa juu ya suke, na kutoka ng'ambo ya bonde mtu alikuwa akimjibu.

Kibuyu kilianza kwa Kobe. Kilipita kwa Kigogota, kwa Paa, kwa Sungura aliyekuwa amechelewa, kikafika kwa Fuko. Alikishika kwa mikono miwili. Alinywa kirefu, akafuta masharubu, kisha akainua pua yake akimtafuta aliyefuata.